Kiti cha Karibu na Mlango

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kibuyu kidogo cha kunywea, kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, likizo zetu zote zilikwisha kwake juu kule Mgange, ambako ukungu wa asubuhi huingia hadi jikoni. Siku moja baba na mdogo wake walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Babu akawaita uani, akapiga funda la pombe ya miwa, asilimeze. Akalipuliza hewani likawa manyunyu, akatamka maneno yake. Akapiga funda jingine, akapuliza, akatamka tena. Alikuwa akitasa. Wataita wa zamani waliamini kwamba kinyongo anachokificha mtu moyoni ndicho kinacholeta maradhi nyumbani na ukame shambani, na tiba yake ni kukitoa kwa kinywa, mbele ya watu, pamoja na kile kinywaji. Sisi watoto tulicheka kwa kuwa manyunyu yalitufikia. Mchana huo baba na baba mdogo walikula kimanga katika sahani moja.

Nimeanza na babu kwa kuwa mimi nilikunywa miaka ishirini na mitatu, tangu 1997 hadi 2020, na kwa karibu miaka hiyo yote sikutoa neno hata moja lililokuwa moyoni. Nilimeza pombe, nikameza na maneno.

Jina langu silitaji. Ushirika wa watu wanaoacha pombe ninaoushuhudia una desturi ya kuhifadhi majina, na wapo watu wengi ambao wasingethubutu kuingia mlangoni kama majina yangeandikwa. Itoshe kujua kwamba mimi ni fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa Taita, mkazi wa Voi, baba wa watoto watatu, na mlevi. Nasema mlevi ingawa sijaonja tone tangu Jumapili ya tarehe 21 Juni 2020. Sababu ya kusema hivyo nitaieleza.

Anayeijua Voi anapajua Caltex, pale malori ya Mombasa na Nairobi yanapolala. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, na hapo ndipo nilipojifunza kunywa. Dereva ameharibikiwa na taa saa mbili usiku, unamtengenezea, anakulipa, kisha anakununulia. Kukataa ni kumkosea heshima. Nilianza na mnazi wa mangweni, ule unaoletwa kutoka Rabai na Kaloleni, nikiamini kwamba mnazi ni chakula. Baada ya miaka mitatu mnazi haukunitosha, nikapanda hadi pombe kali za chupa. Pesa zilipopungua nikashuka hadi chang'aa ya mama pima. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu walioiita sheria ya Mututho, ilipoamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, haikunisumbua. Nilijua madirisha matatu ya nyuma yasiyosoma sheria.

Kazi yangu ni waya. Waya za lori ni nyembamba, na rangi zake zinakaribiana unapotazama kwa kurunzi. Kufika mwaka 2012 sikuweza kuingiza waya katika tundu la soketi asubuhi kabla sijanywa. Mkono ulitetemeka hata nikaushikilia kwa mkono mwingine, kama mtu anayemshika kuku. Nikinywa glasi mbili unatulia. Vijana wanaita kutoa loki, na wenzetu wa Tanzania wanaita kuzimua. Mimi niliita dawa. Nilimwambia mke wangu hivyo hivyo, kwa uso mkavu, kwamba fundi asiyepata dawa asubuhi hawezi kulisha watoto. Chupa niliificha chini ya benchi la kazi, ndani ya ganda la betri bovu la lori. Nilikuwa nimelikata mfuniko kwa msumeno na kuurudisha vizuri, hata ukilitazama unaona betri.

Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata, malori ya kulala Caltex yalipungua, na vibanda vya chakula na nyumba za wageni zikaonja uchungu. Nikapata sababu. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba treni ndiyo iliyoniua. Ukweli ni kwamba treni ilinikuta nimekwisha kunywa miaka ishirini.

Wakati huo tulikuwa tukikaa upande wa Sagalla, ambako ndovu wa Tsavo huvuka usiku kufuata maji na mahindi ya watu. Usiku mmoja sikufika nyumbani. Niliamshwa na baridi alfajiri, nimelala kando ya njia, kiatu kimoja hakipo. Nikaona nyayo pana kama sinia zimepita upande wa kichwa changu. Hatua nane mbele yangu mavi ya ndovu yalikuwa bado yanatoka mvuke. Nilizihesabu hizo hatua. Watu walipopata habari walisema hofu hiyo itaniponya, na mke wangu alichinja kuku wa shukrani. Saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshatoa loki. Nawaomba wanaoishi na mtu wa aina yangu wasitegemee hofu. Hofu humfanya mlevi atake kunywa.

Si kwamba sikutafuta msaada. Nilipelekwa kwa mganga nikanyweshwa kitu cheusi kilichonitapisha usiku kucha. Niliokoka mara tatu katika mikutano ya injili, na kila mara nilimaanisha. Mwaka 2016 mke wangu aliuza ng'ombe wawili nikapelekwa kituo kimoja cha kurekebisha tabia, mbali na Pwani. Huko nilikaa miezi mitatu bila kunywa. Nilirudi na mashavu. Siku ya tisa baada ya kurudi Voi nilikuwa mangweni. Kituo kilinitoa pombe mwilini, lakini hakuna aliyenieleza nitakaa na nani saa kumi na mbili jioni, saa ambayo Caltex inaanza kunukia nyama choma na madereva wanaanza kuita majina.

Sasa niseme kilichotokea mwezi Agosti 2019, na ni kitu kidogo sana. Siku hiyo sikupata kazi wala mkopo, kwa hiyo nilirudi nyumbani jioni nikiwa sijanywa tangu asubuhi. Nilipofika karibu na mlango nikasikia redio, na watoto wanacheka. Kicheko cha kitinda mimba wangu, wakati huo akiwa na miaka sita, kilikuwa juu ya vicheko vyote. Nikagusa komeo. Redio ikazimwa. Kicheko kikakatika katikati. Nilipoingia, binti mkubwa alikuwa ameshasimama mlangoni mwa chumba, wa pili ameshaingia ndani, na yule mdogo alikuwa akiondoa vikombe na sahani mezani, kimya, kimoja kimoja, akivipanga chini ya meza nisivifikie. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilikuwa kazi yake. Kila mmoja katika nyumba yangu alikuwa na kazi yake nikigusa komeo.

Nilikuwa na akili zangu timamu, na niliona vyote. Sikusema kitu. Niliketi, nikaomba maji. Mtoto aliniletea kwenye kikombe cha plastiki.

Usiku huo nikakumbuka namba niliyoiona kwenye bango hospitalini, 1192, ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kuipiga ni bure. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo ili mke wangu asinisikie, kana kwamba ninampigia mwanamke mwingine. Sauti ya dada mmoja ikapokea.

"Kaka, unakunywa kila siku?"

"Kila siku."

"Na asubuhi?"

Nikanyamaza.

"Basi nisikilize vizuri, kaka yangu. Usiache ghafla ukiwa peke yako. Kesho nenda hospitali kwanza, umwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa."

Neno hilo liliniokoa maisha, na nalirudia hapa kwa herufi zile zile. Mwili uliozoea pombe asubuhi na jioni ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha ukaingia kuweweseka, mtu akaona wadudu ukutani na kusikia sauti, na wengine hufa hapo. Watu wengi vijijini kwetu wamefungiwa chumbani na ndugu zao kwa nia njema, wakakutwa maiti, ikasemwa ni uchawi. Hospitali nilipewa dawa za kutuliza kwa kipimo kilichopunguzwa siku hadi siku, na sindano za vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Nililala siku tano. Mikono ilipotulia bila pombe niliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja aliniuliza, "Baba, sasa utakuwa unakutana na nani?" Nikamwambia nina familia. Akasema familia yangu imechoka, inahitaji kupumzika kutokana na mimi. Akanieleza kuna mikutano ya ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambao watu huuita AA tu, na kwamba Mombasa ipo. Hapa Voi hakuwa na habari ya mkutano wowote.

Nilikwenda Jumamosi. Matatu ya asubuhi, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, Mazeras. Kila kituo nilitaka kushuka. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi, na nilijua ni chupa ngapi. Nilipoupata mlango nilizunguka jengo mara mbili. Niliingia dakika kumi baada ya kuanza, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango ili niweze kukimbia.

Nilitarajia mahubiri, au daktari, au wazee wa kamati. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa duara, feni moja, na watu kama kumi na wawili: mzee wa kofia na kanzu, mama aliyevaa kikazi, vijana wawili, baba mmoja mwenye viatu vilivyong'arishwa kuliko vyote nilivyowahi kuona. Aliyeongoza alitaja jina lake la kwanza akasema ni mlevi. Wote wakamwitikia kwa kumkaribisha. Alisema maneno hayo kama mtu anayesema yeye ni mwenyeji wa Kisauni. Nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likisemwa bila kutukanwa mtu.

Kisha wakazungumza, kila mmoja kwa zamu. Walichosema ni chao, sitakisema. Ila kuna mmoja alieleza mahali alipokuwa akificha chupa yake, na mahali penyewe palihitaji msumeno. Nilikuwa nimeapa kwamba katika dunia nzima hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuwaza kitu kama lile ganda langu la betri. Nikacheka kwa sauti, wote wakanigeukia wakitabasamu, na kicheko kikageuka kilio nisichoweza kukizuia. Hakuna aliyenipigapiga mgongoni. Hakuna aliyeniambia nyamaza, mwanamume halii. Walisubiri. Nilipomaliza mama mmoja akanisogezea chai ya strungi.

Jambo lililonishika zaidi ni utaratibu wao wa kutojibu. Mtu akisema, hakuna anayemkosoa, hakuna anayemshauri, hakuna anayemwambia "lakini wewe nawe". Anamaliza, wanamshukuru, anafuata mwingine. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuzungumza dakika tano bila mtu kunikata kauli kunirekebisha. Na mlevi anarekebishwa na kila mtu, hata watoto wa jirani.

Mwishoni ulipita mkoba wa michango. Nilipoingiza mkono mfukoni aliyekaa kando yangu akaniambia mgeni halazimiki. Ushirika huu haupokei fedha za serikali wala za wafadhili wa nje. Kodi ya chumba na majani ya chai hutoka kwa wanachama wenyewe. Hakuna anayelipwa, hakuna fomu, hakuna ada. Sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha pombe. Hata kuwa umeacha si sharti.

Baadaye aliyekubali kuwa mdhamini wangu, wenyewe humwita sponsa, alinieleza jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1935 dalali mmoja wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, mji wa Ohio kule Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache, na biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika. Alisimama katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa, upande mwingine simu. Akapiga simu kwa watu wa makanisa akiomba aunganishwe na mlevi, mlevi yeyote, wa kuzungumza naye. Wakamfikisha kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekuwa bado anakunywa. Wilson hakwenda kumwokoa daktari. Alikwenda kujiokoa yeye mwenyewe kwa kumsimulia. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo inahesabiwa kuwa kuzaliwa kwa ushirika. Hadi leo watu wawili wakikutana kwa nia hiyo wanatosha kuitwa kikundi.

Nisieleweke vibaya kuhusu kanisa. Mimi ni mtu wa kanisa, na mababu zetu walipokea injili pale Sagalla tangu mwaka 1883. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ndio uliotufundisha Afrika Mashariki kusimama na kutoa ushuhuda. Lakini ushuhuda niliotoa kanisani mara zote tatu ulikuwa wa ushindi: nilikuwa mlevi, leo si mlevi, Bwana asifiwe. Watu wakapiga makofi. Jumatano nikatamani pombe, na sasa sikuwa na mahali pa kulisema hilo, kwa sababu mimi ni mtu aliyeshinda. Mkutanoni nashuhudia ya leo. Naweza kusema, "Leo saa nane dereva alinipa mia tano ya kinywaji, nikaishika mkononi mpaka ikalowa jasho," na hakuna anayeona kwamba nimeanguka imani. Ndiyo maana bado najiita mlevi. Neno hilo linanikumbusha kwamba glasi ya kwanza ndiyo inayoniua, ya kumi haina kosa. Nao ndugu zangu Waislamu, ambao aibu yao katika jambo hili ni mara mbili ya yetu, wanakaa katika duara hilo hilo, kwa sababu Mungu anayetajwa pale ni kila mtu anavyomjua.

Wiki baada ya wiki nilikwenda na kurudi, miezi saba. Ilinigharimu nauli niliyokuwa nikiinywa kwa jioni moja. Kisha ikaja korona. Tarehe 8 Aprili 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Voi ikabaki upande huu na mkutano wangu upande ule. Wenzetu wakahamia kwenye simu, na nilijaribu, lakini bando lilikwisha katikati ya maneno ya watu, na simu ilikuwa ya kugombania na watoto wenye masomo. Baa zilikuwa zimefungwa. Madirisha ya nyuma hayakufungwa. Katikati ya Mei nilinunua chupa ndogo, nikasema ni ya siku moja. Ilikuwa ya wiki tano.

Sisemi mengi juu ya wiki hizo. Binti yangu mkubwa alirudi mahali pake mlangoni mwa chumba, na mdogo akarudia vikombe. Jumapili ya tarehe 21 Juni nikampigia sponsa wangu nikiwa nimekunywa, nikalia. Aliniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, hapo Voi ni wewe peke yako unayekunywa?"

Kesho yake, baada ya kupita hospitali, nilimfuata mwalimu mmoja mstaafu ambaye Voi nzima ilimjua kwa mambo hayo hayo. Ameniruhusu nimtaje hivyo. Nilimkuta kitandani mchana. Nilimwambia, "Mwalimu, sikuja kukushauri. Nimekuja unisaidie, nisinywe leo." Akanitazama kwa muda mrefu. Tulikaa hadi jioni, mimi nikasema yangu, yeye akasema yake. Huo ndio ulikuwa mkutano wa kwanza, na kilichokuwa mezani ni jagi la maji.

Kwa miezi minne tulikaa kila Jumanne chini ya mwarobaini, umbali wa mita moja na nusu na barakoa usoni, kabla hatujapata chumba cha kuazima. Jumanne nyingine nilikuwa peke yangu na viti vinne. Nilisoma zile hatua kumi na mbili za AA kwa sauti, nikajikaribisha, nikafunga. Wapita njia waliona mtu anaongea na viti. Sijutii hata Jumanne moja kati ya hizo, kwa kuwa jioni zile sikunywa. Mtu wa tatu alikuja mwezi Novemba. Leo tunakuwa sita, mara nyingine kumi na mmoja. Wanashuka kutoka Wundanyi na Mwatate, mmoja anatoka mbali upande wa Taveta. Kiswahili chetu kinachanganyika na Kitaita na Kikamba, na mtu akizidiwa husemea lugha aliyolelewa nayo, hata kama nusu ya duara haifahamu. Tunanyamaza vile vile.

Mwalimu ndiye aliyenirudishia babu. Jioni moja nilisimulia habari za kile kibuyu, naye akasema mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Grace Harris, aliishi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaandika kitabu kizima juu ya kutasa, kilichochapwa 1978, na hata jina la kitabu linahusu kutoa hasira. Mwalimu akaongeza, "Wazee walijua kwamba neno likibaki ndani linaoza. Sisi tulibaki na pombe tukaacha maneno." Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa chini ya lori. Babu alikunywa pia, hakuwa malaika. Lakini alikuwa na siku, mahali na watu wa kutolea kilichomkaa moyoni. Mjini tulichukua kibuyu tukaacha ua.

Sisemi kwamba mkutano unamponya kila mtu. Mwaka 2022 tulimzika mmoja wetu. Alikaa nasi miezi mitano, akatoweka wiki tatu. Februari 2024, habari zilipofika za watu waliokufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, duara letu lilikaa kimya kwa muda, kwa sababu kila mmoja alikumbuka usiku alioinywa bila kujua imetoka wapi. Wapo wanaohitaji vituo, kama kile cha Miritini, wapo wanaohitaji daktari wa akili, na mkutano hauchukui nafasi ya hao. Lakini daktari wa hospitali niliyemwuliza kama haya yana msingi alinionyesha kwamba mwaka 2020 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba programu za kumwingiza mtu katika mikutano hii husaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine zinazosifika, na mara nyingine kuzipita. Nilifurahi, ingawa nilikuwa nimeshajua kwa mikono yangu. Naingiza waya katika soketi saa moja asubuhi.

Nyumbani haikuwa haraka. Mke wangu alianza kuongea kwa simu na wake wa wenzetu, ambao wana ushirika wao unaoitwa Al-Anon, na huko alijifunza kuacha kunusa shati langu. Watoto hawakubadilika kwa ahadi, walikwisha kuzisikia zote. Nilikuwa nikifika mlangoni, nagusa komeo, redio inazimwa. Mwezi baada ya mwezi. Sikulalamika. Jioni moja ya Mei 2021 nikagusa komeo, nikafungua, nikaingia, na redio ikaendelea. Kitinda mimba alikuwa akiandika hesabu mezani, vikombe viko pembeni yake, vile vya udongo. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Baba, saba mara nane ni ngapi?"

Ndugu msomaji, ukiwa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta au popote, na asubuhi mkono wako unatetemeka, piga 1192. Mwambie daktari kiasi halisi, usipunguze. Kisha mtafute mlevi mmoja tu anayetaka kuacha, mkae naye leo jioni. Kama ni Voi, sisi tupo kila Jumanne, saa kumi na mbili. Ukija umekunywa, karibu vile vile, utakaa usikilize. Si lazima useme jina. Kiti cha karibu na mlango huwa tunakiacha wazi.